Tazama Nyuma: Niliyojifunza Mwambani Wakati wa Bamvua

Mgeni akisimama ufukweni kwetu saa nne asubuhi, siku moja mbili baada ya mwezi mpevu, huona bahari imehama. Palipokuwa na maji alfajiri pamebaki mchanga mweupe, majani ya bahari yaliyolala, madimbwi ya hapa na pale, na mbali kabisa, kiasi cha kilomita moja na zaidi, mstari wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba wa nje. Kati yake na mstari ule anaona watu wameinama: wanawake wa mwani, watoto wanaookota kombe, na mbele zaidi wachokoa pweza. Anaamini ni nchi kavu, basi na yeye anaanza kutembea.

Ile ni sakafu ya bahari, na mwenyewe atarudi kuichukua kabla ya adhuhuri kupita. Nimeitembea tangu utotoni, kwanza nikishika upindo wa kanga ya bibi, baadaye nikimfuata mama mkubwa, baadaye na mashoga zangu, na sasa mimi ndiye ninayefuatwa na wasichana. Kijiji chetu kiko pwani ya mashariki ya Unguja, kati ya Paje na Makunduchi. Naandika haya kwa sababu naona ujuzi wa kwenda mwambani na kurudi salama unakatika. Vijana wengi siku hizi wanajua bei ya kilo moja ya pweza hotelini, lakini ukiwauliza maji yanapitia wapi yanaporudi, wanakutazama.

Tuanze na maji yenyewe. Bahari yetu hupwa mara mbili na kujaa mara mbili ndani ya siku moja na dakika kama 50, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa kiasi hicho. Kila mwezi tuna nyakati mbili za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katikati yake ni maji mafu. Wakati wa mafu tofauti ya kupwa na kujaa ni kama mita moja tu, na kazi ya mwambani haipo. Wakati wa bamvua tofauti hiyo hupita mita 3, na bamvua kubwa za Machi na Septemba hukaribia mita 4. Wazee walijua bila ya kitabu kwamba maji ya bamvua kwetu hukauka karibu na saa zile zile daima, saa nne au saa tano asubuhi, na tena saa kama hizo usiku. Bibi alikuwa akitazama mwezi tu. Mwezi mosi, mwezi pili, mwezi tatu. Kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Ukimuuliza maji ya kesho hukujibu hujamaliza kuuliza.

Kujua saa ya kukauka hakutoshi, kwa sababu maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mjomba wangu mmoja alikuwa baharia wa majahazi, na yeye ndiye aliyenipa hesabu ambayo mabaharia wanaitumia. Kigawe kimo chote cha maji mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya maji kugeuka hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu mafungu 3, ya nne mafungu 3 tena, ya tano 2, ya sita 1. Sasa chukua bamvua ya mita 3 na sentimita 60. Saa ya kwanza maji yanapanda sentimita 30, hata magoti hayajafikwa. Saa ya pili yanaongeza 60. Saa ya tatu peke yake inaongeza 90. Aliyekuwa akikanyaga pakavu saa nne asubuhi, ikifika saa saba mchana, pale pale aliposimama pana maji ya mita 1 na sentimita 80. Ni wachache kijijini wenye urefu huo. Saa ile ya kwanza ndiyo inayowadanganya watu: wanaona maji yanakuja polepole, wanahesabu kwamba yataendelea kuja polepole.

Na hapo sijasema bado lililo kubwa kuliko yote.

Sakafu hii haikulingana. Mwamba wa nje uko juu, na ndani, kati ya mwamba na ufukwe, ni bonde. Maji yanaporudi hayaanzi kwa kuupanda mwamba. Yanaingia mlangoni, pale mwamba ulipokatika na ngarawa zinapopita, na kazi yao ya kwanza ni kuijaza mikondo ya bondeni. Kwa hivyo wewe uliye nje, umeinamia shimo la pweza, unakanyaga pakavu. Mawimbi mbele yako yako pale pale yalipokuwa. Nyuma yako njia uliyoijia imeshafika kiunoni. Anayetazama baharini atasema ana saa nzima mbele yake, na atakuwa anasema kweli kuhusu pale aliposimama, lakini si pale anapotaka kupita.

Bibi alitufundisha kutazama nyuma. Kila pweza anapotoka shimoni, kabla hujamtia kambani, nyanyua kichwa utazame ufukweni. Alama yake ilikuwa jabali moja jeusi lililoko kati ya mikondo miwili. Maji yakianza kulizunguka chini, funga kamba yako uondoke. Kikibaki kichwa chake tu juu ya maji, ulitakiwa uwe umeshafika kwenye mchanga. Jabali lile bado lipo na bado ndiyo saa yetu, ingawa wasichana wana simu zenye jedwali la maji. Simkatazi mtu simu, mimi mwenyewe naitazama usiku kabla ya kulala. Lakini majedwali mengi yamepigiwa hesabu ya bandari ya mjini, na sisi tuko upande wa pili wa kisiwa. Tena jedwali halijui upepo. Jabali linaijua bahari ya leo.

Zipo dalili nyengine ambazo miguu huzisikia kabla ya macho. Majani ya bahari hulala kufuata maji: yanapopwa yanalalia upande wa mlango, yanaposimama na majani nayo yanasimama, na yakianza kuinamia upande wa pwani ujue maji yamegeuka. Nyengine ni baridi. Madimbwi ya bondeni huchomwa na jua asubuhi nzima mpaka yanakuwa ya vuguvugu. Ukivuka dimbwi ukasikia ubaridi unapita kwenye vifundo vya miguu, hiyo ni bahari kuu imeingia, hata kama kwa macho huoni kitu. Mama mkubwa alikuwa akisimama ghafla katikati ya maneno, anatazama chini, kisha anasema, "Haya, wanangu, twendeni." Hatukuwa tukiuliza kwa nini. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa akisikiliza miguu yake.

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja, na mimi naisimamia kama alivyoisimamia: unatoka na maji yanayopwa, unayafuata nyuma mpaka mwambani, na yanapokauka kabisa, papo hapo unaanza kurudi. Hungojei yageuke. Mwendo kutoka mwambani hadi ufukweni, na mzigo begani, na mawe yanayoteleza, ni nusu saa na zaidi kwa mtu mwenye nguvu. Anayengoja maji yageuke ndipo aanze safari anashindana nayo, na ana mikondo miwili ya kuvuka.

Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na bibi harusi mgeni, ameolewa kwetu kutoka vijiji vya shamba, ambako watu wanajua karafuu na mihogo lakini bahari wanaiona wakija mjini. Mwanamke mchapakazi, ana haya, hataki aonekane mzigo kwa wakwe. Msimu ulikuwa wa kusi, mwezi wa Julai, na ilikuwa siku ya upepo. Alifuatana na wenziwe wa rika lake, hakukuwa na mtu mzima kati yao. Mimi nilikuwa bondeni kwenye mwani siku ile.

Kusi kikivuma kwa nguvu, mawimbi yanarusha maji juu ya mwamba, na maji yale yanabaki bondeni kwa sababu hayapati nafasi ya kutoka haraka. Kwa hivyo bonde linajaa kabla ya saa yake. Wenziwe walilitambua hilo wakaanza kurudi. Yeye alikuwa amempata pweza mkubwa aliyejishika shimoni na hakutaka kumuacha. Walimwita, "Maji yamegeuka!", lakini upepo ulizichukua sauti zao. Aliponyanyua kichwa wenziwe walikuwa wameshavuka mkondo wa kwanza.

Alifanya ambalo karibu kila mtu angelifanya. Aliitafuta kwa macho nyumba ya mumewe, akaiona, akaanza kutembea moja kwa moja kuielekea. Njia ya mwambani haiendi hivyo. Inafuata fungu la mchanga linalopinda kuelekea kaskazini, ambapo mkondo ni mpana lakini si wa kina, halafu ndiyo inarudi kusini. Njia iliyonyooka inakupitisha pale pale maji yanapokimbia zaidi. Maji yalipomfika kifuani alisimama, na kusimama katikati ya mkondo ndiyo hatari, kwa sababu mchanga unachimbika chini ya nyayo. Kanga zake zilikuwa zimejaa maji na zinamvuta.

Kilichomuokoa ni dumu. Sisi tunatembea na dumu tupu la lita 5 lililofungwa kifuniko barabara, limefungwa kwa kamba kiunoni, na pweza wanatungwa kwenye kamba hiyo hiyo. Wengi wanadhani dumu ni la kubebea. Nilimpigia kelele alikumbatie na aachie mkono kila kitu chengine. Sijui kama alisikia au Mungu alimwongoza, lakini alilikumbatia. Mkondo ulimchukua upande, wala hakupigana nao, na ulipompitisha karibu na fungu la mchanga miguu yake ikapata chini. Vijana wawili wa ngarawa walimfikia pale na pondo, mti wa kusukumia chombo. Alitapika maji, akalia, jioni akala wali. Pweza alikwenda zake.

Kutokana na siku ile nimekuwa mkali kwa mambo ambayo zamani tuliyaachia desturi tu. Mgeni hatoki bila ya mtu mzima. Kabla ya kumfundisha pweza anakaa shimo la aina gani, natembea naye njia nzima mara kwa mara, kwenda na kurudi, mpaka aweze kunitangulia na mimi nikae kimya nyuma yake. Dumu halitobolewi, halifungwi kwa uzi wa kukatika, na halivuliwi kiunoni kwa kuwa linamsumbua mtu wakati wa kuinama. Badala ya kanga mtu anavaa suruali au dira fupi lililofungwa mkanda, asije akakamatwa miguu na nguo. Kila mmoja ana filimbi ya plastiki shingoni, kwa sababu filimbi inakata upepo kuliko koo la mtu. Na anayebaki mwisho tunamngoja. Hatuvuki mkondo tukamuacha mtu nyuma, hata akiwa amekaidi.

Miguuni ni viatu, si malapa. Raba kuukuu zenye soli nene zinafaa. Kwenye mwamba yupo samaki anayejifananisha na jiwe, amelala hana habari na mtu, na miba ya mgongoni mwake ina sumu inayomwangusha mwanamume akapiga kelele. Dawa yake ya kwanza ni maji ya moto, ya moto kiasi ambacho mguu usiochomwa unaweza kuvumilia bila ya kubabuka, kama digrii 45, unatumbukiza na kukaa humo nusu saa hadi saa moja na nusu, huku usafiri wa kwenda hospitali unatafutwa. Joto linaivunja sumu ile. Anayejaribu maji asitumie mguu uliochomwa, kwa sababu umeshakufa ganzi na hautamwambia kwamba yanaunguza. Upo pia mkunga, anayekaa kwenye mashimo yale yale ya pweza, na kuumwa na mkunga ni kushonwa. Ndiyo sababu tunachokoa kwa mti, hatutii mkono. Na wapo konokono wa bahari wenye umbo la pia, wazuri, wenye madoadoa, ambao watoto huwaokota kwa kuwauzia watalii. Wamo kati yao wenye sumu ya kuua mtu. Mtoto afundishwe kuwaacha walipo.

Kuhusu usiku nitasema machache. Bamvua ya usiku ina pweza wazuri, na wanaume wanakwenda na tochi. Mimi wasichana wangu siwaruhusu, na sitaki kujadiliana juu ya hilo, kwa sababu jabali la bibi halionekani usiku. Wanaokwenda wanafanya jambo moja ambalo nalipenda: wanaacha taa mbili ufukweni, moja chini karibu na maji na moja nyuma yake juu ya mnazi, zimepangwa sawa na njia ya fungu la mchanga. Ukiziona zimekaa moja juu ya nyengine, uko njiani. Zikiachana, umetoka. Zamani zilikuwa karabai.

Mvua nayo huleta kiza chake mchana. Wingu likishuka ufukwe unapotea kabisa, na mtu aliyezoea kutembea kwa macho anaweza kujikuta anarudi mwambani huku akidhani anakwenda nyumbani. Kabla ya kuondoka ufukweni tunasimama kidogo kuangalia upepo unatupiga shavu gani. Mvua ikifunga tunashikana mikono, tunauweka upepo ule kwenye shavu la pili, tunatembea. Siku ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, watu wa vyombo hawatoki, na sisi wa miguu tulikuwa tukidhani halituhusu. Linatuhusu. Wimbi la mita 2 nje ya mwamba ndilo linalojaza bonde letu kabla ya saa.

Mtoto wa dada yangu anaishi Finland kwa kazi. Majira ya baridi ya mwaka mmoja alinipigia simu ya video akiwa amekaa juu ya ziwa, juu ya maji hasa, kwenye kigoda, anavua samaki kwa tundu alilolitoboa kwenye barafu. Nilimwambia, "Mwanangu, ondoka hapo." Akacheka, kisha akaona nimekasirika kweli, akanieleza. Nilimsikiliza kwa makini kuliko alivyodhania, kwa sababu nilimsikia mtu anayesimama juu ya kitu cha kuazima, kama mimi.

Alisema hawakanyagi mpaka wapime. Wanatoboa, wanapima unene, wanakwenda hatua kadhaa, wanatoboa tena, maana barafu ya ziwa moja haina unene mmoja. Penye mto unaoingia, chini ya daraja, karibu na matete, barafu ni nyembamba. Sentimita 10 za barafu ngumu, safi, isiyo na mapovu, zinambeba mtu kwa miguu. Barafu nyeupe ina nguvu kama nusu ya hiyo. Theluji ikiilalia juu inaizuia isigande vizuri na inaficha nyufa. Na barafu ya mwisho wa baridi, hata ikiwa nene, imeoza ndani, kwa hivyo unene peke yake hauaminiki. Shingoni alikuwa amevaa vishikizo viwili vyenye ncha za chuma, vimeungwa kwa kamba. Akitumbukia, atavitumia kujivuta juu ya barafu, maana vidole vitupu vinateleza. Dakika ya kwanza baridi inamfanya mtu ahemee bila ya kutaka, basi kazi yake ni kutuliza pumzi tu na kuzuia asinywe maji. Baada ya hapo ana kama dakika 10 kabla mikono haijakataa kazi. Anarusha miguu nyuma kama anayeogelea, anajivuta kwa tumbo, na akishatoka hasimami, anabiringika.

Nilimuuliza: unajivuta kuelekea wapi? Akasema unageuka kule ulikotoka, kwa sababu barafu ile tayari ilikubeba.

Neno hilo nililifikiria usiku kucha, kwa maana kwetu ni kinyume kabisa. Kule ulikotoka ndiko salama kwao. Kwetu kule ulikotoka ndiko kunakopotea kwanza, na anayetegemea kwamba njia iliyompeleka itamrudisha ndiye anayekwama. Lakini lipo walilonalo ambalo sisi hatukuwa nalo na nimelichukua: kabla ya kutoka, anamtumia mtu wa nyumbani ujumbe kwamba yuko ziwa gani na atarudi saa ngapi, na saa hiyo ikipita mtu huyo anaanza kutafuta. Sisi tulikuwa tukiondoka tu. Nyumbani wanajua umekwenda pwani, na pwani ni ndefu. Siku hizi wasichana wangu wananiambia, au wanamwambia mtoto anayebaki kufagia: mwamba wa kaskazini, watu sita, tutarudi kabla ya adhana ya adhuhuri.

Palipo na hatari kubwa kuliko zote kwa sasa ni siku ya kufungua mwamba. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba, Kisiwa Panza kikiwa miongoni mwa vya mwanzo, vimejiwekea utaratibu wa kufunga sehemu ya mwamba, mara nyingi kwa miezi mitatu, ili pweza wakue. Pweza huishi muda mfupi, mwaka mmoja hivi, na anakua haraka mno, kwa hivyo miezi mitatu ni mingi kwake. Utaratibu huu naupenda na nimesimama kwenye mikutano kuutetea. Siku ya kufungua huwekwa wakati wa bamvua, na watu wanakuja kutoka kila upande. Wamo wasioujua mwamba. Wamo waliokuja na watoto wadogo. Pweza ni wakubwa, wanunuzi wanangoja ufukweni na mizani, na kila mtu anamtazama mwenzake kwamba yeye hajaondoka, basi na mimi niondoke kwa nini? Hapo jabali la bibi halina kazi, hakuna anayelitazama.

Kwa hiyo nimeiomba kamati yetu mambo matatu, na mawili wameyakubali. Ngarawa iwekwe mlangoni tangu maji hayajakauka, na nyengine kwenye mkondo wa pili, zenye vijana wanaojua kuogelea na wasiochokoa pweza siku hiyo, walipwe kutoka kwenye mfuko. Filimbi ipigwe maji yanapokauka, si yanapogeuka, na ikishapigwa mizani ufukweni isimame kabisa baada ya muda uliotangazwa, ili anayechelewa asiwe na faida ya kuchelewa. Hilo la mizani ndilo lililoleta maneno, na ndilo ninaloling'ang'ania zaidi, kwa sababu mtu haachi pweza kwa ajili ya filimbi. Anaacha kwa ajili ya mnunuzi aliyefunga mzani.

Ambalo bado halijakubaliwa ni kuhesabu watu. Nataka mtu akae ufukweni na daftari, kila kundi lijiandikishe idadi linapotoka na lijifute linaporudi. Wanasema ni usumbufu. Tangu Spice Islander izame Septemba 2011 na Skagit Julai 2012, hapana mtu visiwani anayeona usumbufu kuandikisha abiria wa meli. Tulijifunza kwa vilio umuhimu wa kujua waliomo ni nani. Wanaokwenda baharini kwa miguu nao ni watu, na siku ya kufungua ni wengi kama abiria wa chombo.

Baki la maneno yangu ni juu ya kuogelea. Kilimo cha mwani kilipoanza pwani hii mwaka 1989, tulifanya kazi kwenye maji ya magoti. Sasa bahari ya kina kifupi imekuwa ya moto, mwani wa aina ya kotonii unakufa, na wataalamu wanatushauri tusogee kwenye maji ya kina. Sawa, lakini wengi wetu tuliokulia kando ya bahari, wanawake, hatukufundishwa kuogelea. Kaka zetu walijirusha kutoka kwenye ngarawa tangu wakiwa watoto, sisi tuliambiwa tusiingie majini. Kule Nungwi, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea na kuokoa wenzao, wamevaa nguo za kusitiri mwili mzima, wanafundishwa na wanawake, na wazazi waliridhika. Hakuna kilichoharibika.

Skuli yetu iko hatua chache kutoka ufukweni. Jioni za maji mafu bonde lina maji ya kiasi, yametulia, mkondo hauna nguvu, na ndizo siku ambazo hakuna anayekwenda mwambani, kwa hivyo hakuna kazi inayopotea. Nimezungumza na walimu wawili wa kike, nimezungumza na akina mama wa kikundi cha mwani, na yule bibi harusi wa zamani, ambaye sasa ana watoto watatu, amesema wa kwake watakuwa wa mwanzo kuingia. Madumu ya kujifunzia tunayo. Tunachokingoja ni ruhusa ya kamati ya skuli, na mkutano wake ni wiki ijayo.